Mpigo na Mawimbi: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Fizikia

Istilahi ya sayansi haipimwi kwa kulingana kwake na neno la kigeni, bali kwa uwezo wake wa kutenganisha mambo ambayo elimu yenyewe imeyatenganisha. Kwa kipimo hicho, neno "wimbi" lastahili kuhakikiwa, kwa kuwa hubebeshwa dhana mbili.

Na ichukuliwe kamba ndefu iliyofungwa ukutani. Mtu akiirusha ncha yake mara moja na kutulia, mwinuko mmoja hupita hadi ukutani, kisha hurudi umepinduka. Huo ni mpigo. Akiitikisa ncha bila kukoma, kwa vipindi vilivyo sawa, vilele na mabonde hufuatana. Hali zote mbili husafirisha nishati ilhali kamba yenyewe haiendi popote. Lakini mfululizo una umbali maalumu baina ya kilele na kilele, na idadi maalumu ya mitikisiko kwa sekunde. Mpigo mmoja hauna kilele cha pili cha kupimia.

Tatizo limo katika umoja na wingi. Kwa mvuvi wa Lamu, wimbi ni moja: huinuka, huvunjika, na jingine huja nyuma yake. Mfasiri afuataye umoja wa Kiingereza huandika "wimbi" akikusudia mfululizo, na msomaji huona mwinuko mmoja, yaani mpigo. Lugha ya kila siku imekwisha kuonyesha njia, kwani aghalabu watu husema "mawimbi ya redio". Neno "mpigo" nalo lina ushahidi mwilini: moyo hupiga kifuani, na mpigo wake huhisiwa kwenye kifundo cha mkono.

Yamkini atatokea mwenye kudai kwamba, kwa hisabati iliyoanzishwa na Joseph Fourier, mpigo waweza kuelezwa kuwa jumla ya mawimbi mengi. Ni kweli, lakini hata dai hilo halitamkiki bila majina mawili. Kadhalika rada hutuma mipigo ya mawimbi ya redio, na hupima umbali kwa muda wa mpigo kwenda na kurudi.

Wala suala hili si la darasani pekee. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilizusha tsunami iliyofika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania. Tsunami huja kwa mfululizo. Wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote, na dakika nyingi huweza kupita kabla ya lifuatalo. Onyo litajalo "wimbi" laweza kumrudisha mtu ufukweni mapema. Lisemalo "mawimbi" humzuia.

Hivyo "mpigo" na ubaki jina la msukosuko mmoja upitao, "mawimbi" jina la mfululizo, na "wimbi" sehemu moja ya mfululizo huo. Hapo "urefu wa wimbi" hujieleza wenyewe, wala hauhitaji mkalimani.