Majambia mawili na karatasi ya uongo

Waliosoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere wanamjua Brutus: mwungwana anayemuua rafiki yake kwa ajili ya Roma, kisha anasimama mbele ya umati kueleza kwa nini. Shakespeare kampa heshima, na Mwalimu hakumpunguzia. Ila kuna maelezo mengine ya mauaji yale ambayo jukwaani hayapo, na hayo aliyatoa Brutus mwenyewe. Aliyaweka kwenye sarafu.

Nimekutana nayo mara nyingi katika katalogi za minada ya sarafu za kale, ambazo ninazisoma kwa miaka kadhaa sasa. Sinunui, mshahara wa mwandishi wa habari unajulikana. Ninazisoma kama wengine wanavyosoma riwaya za upelelezi, na naona ni utanzu wenye kanuni zake. Kwanza jina la mtawala, madini na uzito hadi sehemu ya mia ya gramu. Halafu picha za pande mbili zinaelezwa kwa maneno makavu, kisha hali ya sarafu. Mwisho, kwa herufi ndogo, inasemwa nani aliwahi kuimiliki. Sarafu ikiwa ya bei mbaya, katalogi inageuka insha: kurasa kadhaa za historia, damu na usaliti. Anayeandika anajua Kilatini, na anajua pia kwamba kazi yake ni kukufanya unyanyue mkono.

Sarafu ya Brutus inastahili insha hiyo. Ilipigwa mwaka 43 au 42 KK, akiwa na jeshi lake mashariki, kulipia vita dhidi ya Antonius na Octavianus. Upande mmoja kuna uso wake, ndevu fupi, jina kwa mkato na cheo cha jemadari. Upande wa pili majambia mawili yamesimama wima, na katikati kofia ya duara, ile aliyovishwa mtumwa siku ya kuachwa huru. Chini herufi sita: EID MAR, yaani 15 Machi. Basi. Hakuna jina la aliyeuawa. Ukitazama vizuri, mipini ya majambia haifanani. Wapo wanaosema moja ni la Brutus na jingine la Cassius.

Kama kazi ya sanaa, naiona inatisha kwa ufupi wake. Kama hoja, inajipinga yenyewe. Kaizari ndiye Mroma wa kwanza kuwekwa uso wake kwenye sarafu za Roma akiwa hai, mwanzoni mwa mwaka 44 KK, jambo ambalo hadi hapo lilikuwa la wafalme. Wakamuua kwa kutaka ufalme. Haijapita miaka mitatu, Brutus naye kajichora. Cassius Dio, aliyeandika historia ya Roma zaidi ya miaka 200 baadaye, aliitaja sarafu hii na kueleza maana ya kofia na majambia. Insha za minada hupenda kumtaja Dio, ila huo ukinzani wa uso huupitia haraka. Shujaa mwenye doa hauziki vizuri.

Za fedha zipo karibu 100 zinazojulikana, kila moja chini kidogo ya gramu 4. (Warumi waliziita denarius, neno hilo ndilo lililopita kwa Waarabu likatufikia sisi kama dinari.) Za dhahabu, za gramu kama 8, zinajulikana tatu tu. Mwezi Oktoba 2020 moja kati ya hizo tatu iliuzwa London. Makadirio yalikuwa pauni 500,000. Nyundo iligonga kwenye pauni milioni 2.7, na baada ya ada ya mnada mnunuzi akatakiwa kulipa milioni 3.24. Haijawahi sarafu ya kale ya Roma kuuzwa bei ile kabla yake.

Sasa, mtu anapimaje ununuzi wa namna hiyo? Kwetu mnada ni wa ng'ombe na mbuzi, na anayenunua huangalia meno. Kwenye sarafu, meno ni haya. Sarafu za kale zilipigwa kwa mkono, nyundo juu ya muhuri, kwa hiyo picha ikikaa katikati na herufi zote zikaingia ni bahati, na bahati hiyo hulipiwa. Unatazama sehemu zilizoinuka, shavu na nywele, maana ndizo zinazolika kwanza mfukoni. Fedha ya kale inayong'aa kama kijiko kipya huenda imesuguliwa. Iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa huacha vitundu vidogo usoni na mshono ukingoni, na herufi zake hulegea kama sabuni iliyotumika. Ya shaba iliyovishwa fedha itajulikana kwenye mizani. Kisha unailinganisha na nyingine zilizotoka kwenye muhuri uleule, maana muhuri mmoja ulipiga nyingi. Ni kazi ya macho, na kusema kweli wanaoijua wanastahili kuheshimiwa.

Macho hayo yaliipitisha sarafu ya London, tena kwa sifa. Nayo ilikuwa ya kweli! Kilichokuwa cha uongo ni zile herufi ndogo za mwisho. Katalogi ilisema imetoka kwenye mkusanyo wa zamani wa baroni mmoja, na hati ya kuthibitisha ilikuwepo. Hati ilikuwa ya kughushi. Januari 2023 mkurugenzi wa nyumba ile ya mnada alikamatwa New York, na baadaye mwaka huohuo akakiri makosa mahakamani. Machi 2023 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan iliikabidhi sarafu kwa serikali ya Ugiriki.

Yaani watu walitazama meno wasiulize ng'ombe katoka zizi gani.

Wapo wanaojibu: kama sarafu ni halisi, karatasi ina nini? Wengine wanasema wakusanyaji ndio waliozihifadhi, bila wao zingeyeyushwa. Hili la pili lina ukweli wake, makumbusho mengi yalianza na mkusanyo wa mtu binafsi. La kwanza silikubali, na sababu yangu iko Pemba.

Mwaka 1984 wanaakiolojia walichimbua Mtambwe Mkuu wakapata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo mno, zenye majina ya watawala wa pwani. Uzuri wake umenikaa moyoni: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinaunganishwa na kina kimoja. Ni beti unayoisoma kwa kuigeuza kiganjani. Lakini vina havisemi mwaka, na sarafu zile hazikuandikwa tarehe. Kilichosaidia ni jirani zake: pamoja nazo zilikuwepo dinari chache za dhahabu za nchi nyingine, zenye tarehe. Kwa hizo wataalamu wakajua shehena ni ya karne ya 11, na Ali bin al-Hasan wa sarafu za Kilwa, aliyekuwa akiwekwa karne za mbele, akarudishwa mahali pake. Angezichimba mwizi usiku, dhahabu ingekwenda kwa sonara, fedha ingeuzwa mojamoja, na hata mtaalamu mwenye macho kuliko wote asingeweza kuturudishia karne hizo.

Ndivyo ilivyo kwa dhahabu ya Brutus. Ilitoka shimo gani? Ilikuwa na nini pembeni? Mshahara wa askari, au akiba ya tajiri aliyeikimbia vita? Insha ya katalogi ilizungumza Roma yote ikaacha swali hilo, na nadhani ndiyo maana iliandikwa vizuri vile.

Kati ya mbili zilizobaki, moja iko kwenye mkusanyo wa benki kuu ya Ujerumani. Nyingine iliwahi kuwekwa British Museum kwa mkopo, nayo imetobolewa. Kwa lugha ya mnada tundu ni dosari, linashusha bei. Mimi ningeichagua hiyo. Kuna mtu aliyapitisha majambia yale kwenye uzi akayavaa shingoni, na hakuna insha iliyomwandikia dalali inayoniambia kiasi hicho.