Sifa za Anayefungua

Gari likitengemaa, sifa huenda kwa aliyefunga injini. Aliyeifungua hakumbukwi, kana kwamba kazi ile ingefanywa na yeyote mwenye spana na mkono wenye nguvu. Shinda asubuhi moja kwenye magereji ya Kampala, kandokando ya Soko la Kisekka au kule Katwe na Ndeeba, uone kama utasema hivyo tena.

Mtazame fundi mbele ya injini ya Toyota iliyochemsha. Haanzi na boliti iliyo karibu naye. Silinda hedi hulegezwa kuanzia boliti za pembeni kuelekea katikati, kila moja kidogo kidogo, kisha anazunguka tena. Ukiachia mkazo upande mmoja, alumini inapinda, na mteja aliyekuja na gasketi iliyoungua anaondoka na hasara kubwa zaidi. (Wakati wa kukaza ni kinyume: katikati kwanza.) Boliti ikigoma, hunyweshwa mafuta, ikaachwa, ikagongwa kichwani taratibu. Wengine huikaza kidogo kwanza ndipo wailegeze. Valvu zikitoka, kila moja huchomekwa kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa matundu kwa mpangilio wake, maana kila valvu imeshazoeana na kiti chake.

Kwa Kiganda kazi hii ni okusumulula, neno lilelile la kufungua fundo au kufuli. Kuvunja wameachiwa wenye tindo na haraka.

Pupa ina bei yake. Magari mengi ya Uganda yaliingia yakiwa yameshatumika Japani. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari la miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokwishaingia bado yanabeba abiria, na lililokufa kwa ajali hulisha mengine: giaboksi huku, mlango kule. Waya uliokatwa badala ya kuchomolewa kwenye soketi hushusha thamani palepale.

Mimi nampa anayefungua heshima zaidi. Anayefunga amepangiwa kila kitu mezani. Mwenzake aliingia bila kujua kutu imekula wapi wala fundi wa kabla yake alificha nini.

Siku hizi kinachowaudhi mafundi hawa ni klipu za plastiki, zilizotengenezwa kama vile hazitaguswa tena. Huzipasha joto kwanza zilainike. Zikikatika, mpya zinaingia kwenye bili, na mwenye gari hulalamikia hizo kuliko injini.