Nguzo Mama na Urithi wa Mjane

Tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotolewa mwaka 1982, ni miongoni mwa kazi chache za Kiswahili zilizothubutu kuihoji harakati ya ukombozi wa mwanamke kutoka ndani. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Ugomvi, wivu na masengenyo huwatawanya, na mchezo unakwisha nguzo ingali chini. Aghalabu wanafunzi huhitimisha kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na yafaa ipimwe kwa historia.

Wanawake wa nchi hii waliwahi kuungana. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kundi la ngoma mjini Dar es Salaam, alishika uongozi wa sehemu ya akina mama ya TANU, na makundi ya ngoma yakawa njia ya kuandikisha wanachama. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Masharti hayo hayakumtaja mwanamke. Lakini ni wangapi kati ya wanawake waliolima pamba Usukumani walioshika fedha ya mavuno yao? Baada ya Uhuru masharti hayo yaliondoka. Mwaka 1962 UWT iliundwa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ikatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Basi ni nini kinachoilaza nguzo? Jibu limo katika mchezo wenyewe, pale mjane anaponyang'anywa mali na ndugu za marehemu mumewe. Huku Didia, wilayani Shinyanga, tukio hilo halihitaji ufafanuzi. Kwa desturi ya Wasukuma mahari hulipwa kwa ng'ombe, na mali ya nyumba huhesabiwa kuwa ya ukoo wa mume. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimnyima mjane urithi iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, ila ikakataa kuzitengua. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya utaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba haki zao zimevunjwa. Wajane hao walisimama bega kwa bega, na bado nguzo ilikuwa nzito.

Sifa kubwa ya Muhando ni kwamba hakuisimamisha nguzo kwa hila ya jukwaani. Amekataa kumpa msomaji faraja ya uongo. Upungufu wake ni kwamba wahusika wake, Bi Pili, Bi Nane na wenzao, wanaobeba namba mahali pa majina, wanasikika zaidi wanapogombana, hata kelele zao zikaifunika kanuni inayomfukuza mjane nyumbani kwake. Msomaji mvivu huondoka akiwacheka.

Mwalimu anayefundisha tamthilia hii asikubali kicheko hicho kiwe jibu la mtihani. Awatake wanafunzi wamrudie mjane, kisha waulize: ardhi inayochimbiwa shimo la nguzo ni mali ya nani?