Suheli Kiganjani: Kitale Mpaka Bungoma na Stellarium

Nimeipakua, nimeielekeza kusini, na mpaka sasa moyo haujatulia! Stellarium, programu ya simu iliyotokana na kazi aliyoianza Mfaransa Fabien Chéreau mwanzoni mwa miaka ya 2000, inakutajia kila nyota unayoielekea. Inua simu, geuka utakako, nayo anga ya kiooni inageuka pamoja nawe. Toleo la kawaida ni la bure. Bure kabisa!

Mimi nilikuwa na shabaha moja tu: Suheli. Hakuna nyota ya usiku inayoishinda kwa mng'ao isipokuwa Sirius, na bado mtu wa London hawezi kuiona akiwa kwao, hata akeshe mwaka mzima, kwa kuwa huko haichomozi kamwe. Sisi wa Kitale, digrii moja tu kutoka ikweta, tunakaa nayo angani karibu saa kumi na mbili kila inapochomoza! Kwenye sehemu ya kutafutia andika Canopus, jina la kimataifa la Suheli, si Suhail. Jina Suhail, tangu 2016, wanaastronomia wa kimataifa wameipa rasmi nyota nyingine iliyo hafifu zaidi. Mshale unajitokeza, unaufuata, na hiyo hapo, nyeupe, kusini kabisa! Nuru unayoitazama imesafiri takriban miaka 310. Iliondoka kule muda mfupi baada ya Waomani kuitwaa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698.

Kinachonikosesha usingizi hasa ni kile kipengele cha saa. Vuta muda mbele kwa kidole, uone nyota zikikimbia! Kila usiku Suheli huwahi kwa dakika nne hivi. Katikati ya Februari hufika kilele chake karibu saa tatu na nusu usiku. Katikati ya Machi, saa moja na nusu tu, giza likiingia, tayari iko juu. Ukigeukia magharibi utaona Kilimia ikizama nyuma ya Mlima Elgon, na simu inakuambia itazama saa ngapi kabla hujaondoka nyumbani. Januari na Februari ndio wakati wenyewe: mahindi yameshavunwa, mashamba yako wazi, mawingu machache. Mvua za Aprili zikishika, sahau.

Sasa sikiliza hili. Gusa nyota, programu inakuonyesha iko juu ya upeo kwa digrii ngapi. Kilele cha Suheli ukiwa Kitale ni digrii 36 na robo hivi. Panda matatu, pita Kiminini, Kamukuywa, Webuye, ushuke Bungoma, utazame tena ikiwa kileleni: digrii 36 na karibu robo tatu! Nyota imepanda takriban upana wa mwezi mpevu kwa sababu umesogea kusini kama kilomita 50. Dunia ni mviringo, na duara lake unalipita kwa nauli ya matatu! Posidonius, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliikadiria dunia kwa nyota hii hii: Rhodes aliikuta ikigusa upeo, Alexandria ikiwa juu kwa sehemu moja ya 48 ya duara. Na mwaka 1964 chombo Mariner 4, kikielekea Mirihi, kilijipanga angani kwa kuikazia jicho Suheli.

Kasoro zipo. Dira ya simu huchanganyikiwa karibu na mabati na magari, kwa hiyo nenda uwanjani, uzungushe simu hewani kwa umbo la nane mpaka itulie. Bungoma mjini taa za mulika mwizi zinameza nyota ndogo, na nje ya mji miwa inaziba upeo wa kusini, ingawa Suheli yenyewe huzishinda taa zote hizo. Washa mwanga mwekundu wa kiooni ili macho yabaki yamezoea giza.

Jambo moja zito zaidi: digrii hizo programu inazipiga hesabu kutokana na mahali ulipo, haizipimi. Ukitaka kupima wewe mwenyewe, chukua kipimapembe cha shule, funga uzi wenye kokoto, ulenge nyota kwa ukingo wake ulionyooka. Nusu digrii ya Kitale na Bungoma itakusumbua. Lakini je, una jamaa Muscat? Kule Ghuba watu huingojea Suheli ya alfajiri kila tarehe 24 Agosti hivi, ishara kwamba joto linaanza kupungua, wakati hapa Kitale siku hiyo huwa imechomoza tangu saa tisa usiku. Mpigie simu Februari, naye ashike kipimapembe chake. Kilele cha kwake hakifiki digrii 14! Pengo la zaidi ya digrii 22 hata kokoto inalinasa, na kila digrii ni kilomita 111 za kaskazini na kusini. Zidisha, uone umbali unaotoka!