Pongezi kwa fundi wa dizeli

Pikapu ya dizeli haiishiwi nguvu kwa siku moja. Leo inapanda mlima Kitonga kwa gia ya tatu, miezi ikipita inadai ya pili, nawe unausingizia mzigo. Fundi wangu hakukimbilia kufungua pampu wala kunitajia nozeli mpya. Alitaka kwanza tupande mlima pamoja, akautazama moshi: mweusi, yaani dizeli imezidi hewa. Akachomoa filta ya hewa, safi. Akapapasa mpira wa turbo kwa chini, vidole vikatoka na mafuta. Ufa mwembamba kama unywele! Hewa ilivujia hapo kila nilipokanyaga mafuta. Hongera, fundi. Nozeli zangu hazikuguswa. Ukimpata fundi kama huyu, mlipe vizuri, tena bila kumcheleweshea.