Filimbi ya Bati na Kipimo cha Olaranyani

Katika Kiswahili neno filimbi limebebeshwa kazi mbili zisizopatana. Kuna filimbi ya amri: ya refa uwanjani, ya askari wa barabarani, ya mwalimu wa zamu. Hiyo ikilia, watu husimama. Kuna pia filimbi ya muziki, ambayo ikilia watu huinuka wakacheza. Makala haya yanashughulikia hiyo ya pili, na hasa filimbi ya bati, chombo cha bei nafuu chenye matundu sita ambacho kimepata mabingwa katika muziki wa jadi na wa mitaani wa nchi mbalimbali. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka lakini gumu kulijibu: ni mpigaji yupi anayestahili kupendwa kuliko wenzake, na kwa kipimo gani?

Kipimo kinachotumiwa mara nyingi ni wepesi wa vidole. Kipimo hicho si kibaya, ila kinapima kazi ya mkono tu, na muziki wa jadi ni kazi ya watu wengi. Yafaa basi kitafutwe kipimo kingine, na mahali pamoja pa kukitafutia ni Kajiado, ingawa Wamaasai wa huko hawasifiki kwa filimbi. Muziki wao wa sherehe umesimama juu ya sauti ya binadamu, wala hautegemei ngoma. Olaranyani, yaani mwimbishaji, huanzisha wimbo. Wenziwe humpokea kwa kiitikio na kwa mngurumo wa koo unaoshikilia mwendo wa miili yao. Pembe ya tandala nayo hupulizwa katika sherehe za morani. Kazi yake si kucheza lahani ndefu bali kuita. Sherehe hizo, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ziliorodheshwa na UNESCO mwaka 2018 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Olaranyani hodari hatambulikani kwa uzuri wa koo peke yake. Hutambulikana kwa kujua mahali pa kunyamaza ili wenziwe waingie. Kutokana na hayo tunapata maswali matatu ya kumwuliza mpiga filimbi yeyote: Je, sauti yake inakaribia sauti ya mtu? Je, anaacha nafasi ya kuitikiwa? Je, muziki wake unawakusanya watu, au unawaacha wakiwa watazamaji tu?

Filimbi ya bati kama ijulikanavyo leo ilianza kutengenezwa na Robert Clarke huko Uingereza mwaka 1843. Ilienea hasa Ireland, ambako hupigwa katika muziki wa dansi za kijijini. Mary Bergin, ambaye sahani yake Feadóga Stáin ilitoka mwaka 1979, ni mfano wa ustadi uliokamilika: mapambo yake ni mengi, lakini kila moja limekaa mahali pake. Hata hivyo, kwa kipimo kilichotajwa hapo juu, aliye karibu zaidi na olaranyani ni Micho Russell (1915–1994), mkulima wa Doolin. Russell alipiga filimbi kwa mtindo usio na makeke, na pia aliimba na kusimulia hadithi. Kwake filimbi ilikuwa tawi la mazungumzo, na msikilizaji hupata fununu ya maneno hata mahali pasipo na maneno.

Barani Afrika filimbi hiyo ilipata makao mapya katika mitaa ya Johannesburg. Willard Cele alisikika katika filamu The Magic Garden ya mwaka 1951. Baada yake Spokes Mashiyane (1933–1972) aliupa mtindo huo umaarufu kwa sahani zake za mwaka 1954. Ufundi wao wastahili kuangaliwa kwa makini. Kiwandani filimbi ilikusudiwa ishikwe wima mbele ya midomo. Vijana wa Johannesburg waliielekeza upande na kuiingiza mdomoni kwa mshazari, na kwa kufanya hivyo waliweza kuikunja sauti, kuikwaruza na kuitelezesha kati ya noti na noti. Kwa maneno mengine, walikifundisha chombo kigeni kutamka. Swali la kwanza wanalijibu vema kabisa.

Jina la muziki huo, kwela, halitampa shida msemaji wa Kiswahili, kwani ni ndugu wa kitenzi chetu kukwea. Lilikuwa neno la kuwaalika wachezaji wapande jukwaani. Lilihusishwa pia na gari la polisi ambalo waliokamatwa waliamriwa kulipanda. Sahani ya Tom Hark ya kundi la Elias and His Zig Zag Jive Flutes, iliyopata umaarufu mkubwa Uingereza mwaka 1958, huanza kwa sauti za vijana wanaocheza kamari. Wanapoambiwa kwamba polisi wanakuja, huficha dado na kuzitoa filimbi. Hapa zile filimbi mbili za Kiswahili zinakutana: ya muziki inapigwa ili kuihepa ya amri. Tena zinapigwa filimbi kadhaa, moja ikiongoza na nyingine zikiitikia, jambo ambalo olaranyani angelitambua mara moja.

Kwa upande wa Mashiyane pana upungufu. Sahani za wakati ule zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi, na soko lilimtaka nyota mmoja. Katika nyingi ya kazi zake filimbi hujaza kila upenyo, na waandamani hubaki kuwa mandhari. Mwaka 1958 yeye mwenyewe aligeukia saksafoni, na wanunuzi wakamfuata.

Aliyebaki na filimbi ni Donald Kachamba wa Malawi (1953–2001). Aliupata muziki wa kwela akiwa mtoto mjini Salisbury, yaani Harare ya leo, ambako familia yake ilikuwa imehamia. Katika kundi la Kachamba Brothers, kaka yake Daniel alipiga gitaa, na palikuwa na kayamba pamoja na besi ya uzi mmoja. Gerhard Kubik alianza kuwarekodi mwaka 1967. Muziki wao huenda kwa mizunguko mifupi. Donald hutoa kauli, huinyamazia, huiacha gitaa ijibu, kisha huirudia kauli ile ile ikiwa imebadilika kidogo tu. Kimya chake kina kazi sawa na pumzi yake. Kwa maswali yote matatu, huyu ndiye anayestahili kutangulizwa.

Huenda msomaji akauliza kama ni haki kumpima Mwairishi au Mmalawi kwa kipimo cha Wamaasai. Jibu ni kwamba hakuna kipimo kisicho na kwao. Hata hicho cha wepesi wa vidole kina kwao: majukwaa ya mashindano na vyumba vya mitihani. Lililo muhimu ni kipimo kidhihirishe jambo lililokuwa limefichika.

Jambo hili halihusu sahani za zamani peke yake. Mji wa Kitengela umekua juu ya ardhi iliyokuwa malisho, na madarasa yake yana watoto wa jamii nyingi. Shule za Kenya zimekuwa zikifundisha rekoda, jamaa ya filimbi ya bati iliyotengenezwa kwa plastiki. Mtoto akipimwa kwa usahihi wa vidole na usomaji wa noti tu, chombo hicho kitakuwa kwake filimbi ya amri: atapuliza aambiwapo na kunyamaza aambiwapo. Lakini mwalimu akimtaka aanzishe kipande kifupi, aache nafasi, na darasa zima limpokee kwa sauti zao, mtoto huyo atakuwa amefundishwa sanaa ya olaranyani bila kulazimika kuwa Mmaasai. Noti zitafuata. Cele, Mashiyane na Kachamba walianza hivyo hivyo, kwa kusikiliza kwanza, kisha kuikunja filimbi ya kiwandani mpaka ikasema lugha yao.