Gitaa la Kusindikiza: Dechaud na Simaro mbele ya Mhakiki

Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya wimbo wa Kikongo, uwe wa Kiswahili au wa Lingala, aghalabu huanza kwa kunakili maneno. Akiisha kuyanakili huyatafsiri, huyapanga katika beti, hutafuta sitiari, na kazi ikakamilika. Ala zimebaki katika sahani ya santuri. Na hata pale mtafiti anapokumbuka kwamba kulikuwa na gitaa, humtaja mpigaji wa solo tu, kwa kuwa huyo ndiye anayesikika juu ya wengine. Tunakusudia hapa kumtetea yule wa nyuma, mpigaji wa gitaa la kusindikiza, ambalo wanamuziki wa Kinshasa huliita akompa. Dai letu ni kwamba anayemsahau huyu husoma vibaya hata maneno yenyewe.

Na tuanzie Katanga, maana huko mgawanyo wa solo na usindikizaji haukuwapo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga «Masanga». Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990, alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba kwa nyuzi nene, cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Msikilizaji asiyejua hudhani kuna watu wawili. Gumba hushika mwendo. Kidole cha shahada hupita katikati ya mapigo yake, kikichelewa au kikiwahi, hata sikio likasikia uzi wa tatu wa sauti ambao hakuna kidole kilichoupiga peke yake. Anayetaka kujua usindikizaji ni nini na aisikilize rekodi hiyo akilifuata gumba tangu mwanzo hadi mwisho, asijali kitu kingine. Ataona kwamba wimbo unakaa hapo.

Hatusemi kwamba Kinshasa ilijifunza kwa Likasi. Rumba ya Léopoldville ilikuwa na njia zake, na santuri za Kuba zilikuwa zimekwisha kufika tangu miaka ya 1930. Tunasema tu kwamba kazi aliyoifanya Mwenda kwa mkono mmoja, okestra ziliigawa kwa watu: solo, akompa, na baadaye kati yao mi-solo. Kazi ikigawanywa, sifa nazo hugawanywa, na hapo haki ilipotea.

Mfano ulio wazi ni wa ndugu wawili wa African Jazz. Nicolas Kasanda aliitwa Daktari Nico, na jina hilo linajulikana mpaka Dakar na Nairobi. Kaka yake Charles Mwamba, aliyeitwa Dechaud, alikuwa naye Brussels mwaka 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Mviringo, pamoja na Kabasele. Lakini ni wangapi wanaoweza kueleza alipiga nini? Dechaud hakwaruzi nyuzi zote kwa pamoja kama wapigaji wengi wa Ulaya. Huzivunja noti tatu au nne za mwafaka mmoja akazitoa moja moja, kwa kufuatana, karibu sana na mahali Nico anapopiga, kiasi kwamba mipaka ya magitaa mawili hutoweka. Nico anaponyamaza kidogo, na ananyamaza mara nyingi kuliko tunavyokumbuka, muziki haupungui. Ulegevu ule wa Nico, ule utulivu wa mtu asiye na haraka, ni mkopo aliokopeshwa na kaka yake. Mwondoe Dechaud, na solo zile zitasikika kama mtu anayesema peke yake chumbani.

Kuna watakaojibu kwamba kurudia noti zilezile si sanaa. Jibu hilo linatoka kwa wasiowahi kujaribu. Katika sebene, maneno yakiisha kunyamaza, akompa huzunguka duara lilelile la miafaka miwili au mitatu kwa dakika nyingi. Akibadili kidogo tu, wachezaji ukumbini huhisi miguuni kabla hawajajua sababu. Akibadili kila mara, hakuna tena mahali pa kukanyaga.

Lakini hoja yenye uzito zaidi kwa idara kama yetu ni ile ya Simaro Lutumba. Alijiunga na OK Jazz mwaka 1961, akawa mpigaji wa akompa, na hadi kifo chake mwaka 2019 watu walimwita Mshairi. Wahakiki wameyashika majina haya mawili kama ya watu wawili: mshairi huyu hapa, mpigaji yule kule. Sisi hatuoni hivyo. Simaro hakuwa mwimbaji. «Mabele» ya mwaka 1974 aliimba Sam Mangwana, «Maya» ya mwaka 1984 aliimba Carlyto. Alitunga akiwa ameketi nyuma ya sauti ya mtu mwingine, akijua kwa mkono wake mwimbaji atahitaji nafasi kiasi gani ya kuvuta pumzi. Ndiyo maana mishororo yake ni mirefu bila kuchosha. Huzuni yake haipigi kelele. Inaendelea tu, kama duara lile la noti, na kila inaporudi imeongeza uzito kidogo. Mwanafunzi anayeikata mishororo hiyo kwa vina na mizani ya shairi la pwani hupata vipande visivyolingana na kusema mtunzi hakujali umbo. Umbo lipo, ila liko katika gitaa.

Tunakiri kwamba mbinu hii ina ugumu wake. TPOK Jazz ilikuwa okestra kubwa, wapigaji walipokezana, na tarumbeta mara nyingine ziliifunika akompa kabisa. Majalada ya santuri yalimtaja mtunzi na mwimbaji, mara chache sana msindikizaji. Hata hivyo wazee waliokuwa studioni miaka ya 1970 wangali wapo baadhi yao, na swali la nani alishika akompa katika wimbo upi laweza kuulizwa wiki hii, kabla ya kunakili neno lolote.